Pipa la Wavuta Sigara

Nikumbuke siku ipi, mwanangu, kama si ile niliyopita mbele ya watu wote wa shamba letu nikiwa nimebeba pipa mgongoni? Pipa lenyewe lilikuwa limekatwa nusu, lina kinyesi cha kuku, na mkanda wake ulinikaza kipajini vile mama zetu walivyobeba kuni. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Hakuna aliyenicheka, na afadhali wangecheka.

Ni nyinyi mlionikumbusha. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mlikuja hapa kwangu Lanet vijana saba mkiwa na karatasi, mmechangamka hata kuketi hamkuketi. Mlisema mnakusanya sahihi za kupeleka kwa mbunge ili sigara ipigwe marufuku Kenya nzima: kuuza iwe hatia, kununua hatia, kuvuta hatia, na atakayeshikwa nayo aende ndani. Mlitaka sahihi ya kwanza iwe yangu, kwa kuwa kila mtu mtaani anajua ni nini kilichomwondoa Njuguna wangu duniani. Moyo wangu uliruka, sifichi. Vijana wanaotaka kitu chema mpaka wanasahau chai mezani ni baraka kwa mzee yeyote. Nikachukua kalamu, nikainama, halafu mkono ukakataa.

"Shosh, sign tu hapo chini," akaniambia Wanjiru, mwenyekiti wenu. "Wewe ndio tulijua huwezi kataa."

Sikukataa wala sikukubali. Niliwaambia mrudi leo, mketi, mnywe chai, na mnisikilize mpaka mwisho. Sasa mmeketi. Chai iko kwa chupa, na mimi tangu asubuhi nimekuwa nikizunguka hii nyumba nikiwangoja, maana hadithi hii ikinishika hainiachi nikae.

Tulikuwa tukiishi juu kule upande wa Mau Narok, kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Wazazi wetu walilinunua kwa kikundi wakagawana vipande. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake, lakini ngano tulivuna pamoja, kwa sababu kombaini, mashine ya kuvunia, ilikuwa moja tu, kuukuu, tuliyoirithi pamoja na shamba. Ilikwenda kipande kwa kipande kwa zamu, na siku zote za mavuno hakuna aliyelala vizuri kwa furaha. Kombaini za siku hizi hukusanya ngano tumboni zikaimwaga kwenye lori. Ile yetu ilikuwa na jukwaa kando, na sisi washonaji tulisimama hapo juu, mashine ikitutikisa mpaka meno yanagongana. Ngano inateremka ndani ya gunia, unashika mdomo wake, unashona kwa sindano ndefu na uzi wa katani, unasukuma, gunia linateleza chini, na la pili limeshajaa. Mimi niliongoza washonaji wanne. Gunia nililimaliza kabla hujataja jina lako na la baba yako. Hata leo vidole hivi vikiona gunia wazi vinaniwasha.

Lakini ngano iliyokauka ni kuni zilizosimama. Kwa hiyo palikuwa na desturi. Kwenye kona ya kipande kinachovunwa, Mzee Chepkwony alilima duara kwa trekta mpaka ukabaki udongo mtupu, upana wa nyumba hii, na katikati akaweka nusu pipa lenye mchanga. Asubuhi kila mvutaji alimwachia yeye sigara na kiberiti, akavitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Ukitaka kuvuta unaomba, unapewa moja, unakwenda kusimama ndani ya duara huku kila mtu akikuona, unavuta, unazika kipande mchangani, unarudi kazini. Mzee mwenyewe hakuwa mvutaji. Alikuwa dereva wa trekta tangu enzi za mzungu, mrefu, mpole, maneno yake machache hata ukadhani anayahesabu.

Nami nililichukia lile duara. Kwanza, nilikuwa nimeokoka mwaka ule, na aliyeokoka juzi ana moto kuliko mchungaji wake. Pili, kila mvutaji alipokwenda kuvuta, mashine ilisimama kumngoja, na mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Menengai. Sababu ya tatu sikumwambia mtu. Njuguna, mshonaji wangu wa pili, kijana wa mzaha mwingi na kucheka kwingi, alikwenda kwenye pipa mara nyingi kuliko wote. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa sitaki kumpenda mtu wa sigara.

Basi nikasimama kwenye mkutano wa kikundi. Nikasema, nikasema, mpaka jasho likanitoka. Sigara ipigwe marufuku ndani ya shamba, kiberiti marufuku, atakayeshikwa nayo afukuzwe kazini na kipande cha baba yake kipelekwe mwisho wa zamu. Mikono ikainuka karibu yote. Wakanipa filimbi niwe mlinzi wa sheria hiyo, nikaivaa shingoni, na nilitoka pale nikijiona nimeokoa dunia. Ili duara lisirudi kamwe, nililibeba lile pipa hadi nyumbani, nikamwaga mchanga, nikalifanya la kunyweshea kuku.

Mzee Chepkwony alinikuta nikilisugua. Akasimama akaliangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe msichana, umefunga choo," akasema. "Na tumbo, umefunga?"

Nilicheka, mwanangu. Nilimwona mzee amechoka, ameshindwa na mambo ya kisasa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani kati yetu aliyewahi kuangalia guu lake akiwa na miaka ishirini?

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Mashine haikusimama, magunia yalijipanga, na wazee walinisifu mbele ya baba yangu. Ila niliona jambo. Wanaume walianza kwenda haja mara nyingi mno. Walikuwa wakiingia ndani ya ngano ambayo haijakatwa, ile ndefu, wakitokea upande mwingine wakijifuta midomo. Nikawa napiga filimbi, napekua mifuko, nanusa mikono ya watu wazima. Mahali peupe pakawa pabaya kwa mwenye sigara, maana ataonekana. Mahali pazuri pakawa penye ngano nyingi. Fikirini hapo kidogo. Moto nilikuwa nimeutoa mchangani nikaupeleka katikati ya ngano, na nilifanya hivyo kwa kura na kwa makofi.

Siku ya tatu tuliingia kipande cha Mama Kerubo. Alikuwa mjane kutoka Kisii, ana watoto watano, na mwaka ule ngano yake ilitupita sisi wote. Binti yake wa kwanza alikuwa ameitwa sekondari, na ngano ile ndiyo ingempeleka. Hakuwa na kingine. Tulikuwa tumekata ukingo tu wa kipande chake tulipopumzika mchana kunywa uji, fundi akikaza mkanda wa mashine. Nikaangalia huku na huku, simwoni Njuguna.

Nilijua yuko wapi, na nilifurahi. Leo namshika, nikajiambia. Nikanyata ukingoni mwa ngano, nikasikia ikichakarika, nikavuta pumzi na kupiga filimbi kwa nguvu zangu zote. Mtu akachomoka mbio upande wa pili, ameinama. Uso sikuuona, lakini shati nililijua. Nikasimama pale nikitabasamu. Nilikuwa bado natabasamu moshi ulipoinuka.

Moto wa ngano hauwaki ukangoja uuzime. Unakimbia. Upepo wa mchana kule juu mnaujua, unapanda kutoka bondeni kila siku kama umetumwa. Nilipiga filimbi ile ile mpaka mate yakakauka, na watu wakaja kutoka kila upande. Wanawake walichovya magunia kwenye maji ya kupikia wakaja wakipiga chini, wanaume walivunja matawi mabichi ya ua, watoto walifukuzwa mpaka barabarani. Joto lilitusukuma nyuma, tukarudi, likatusukuma tena. Nyusi zangu ziliungua zote. Na hata hivyo tulikuwa tunashindwa, kila mtu aliliona hilo.

Hapo nikasikia trekta. Mzee Chepkwony alikuwa ameteremsha plau, na badala ya kuja kwetu alikuwa akienda mbele ya moto, moja kwa moja katikati ya ngano nzima ya mjane, akiilaza na kuifukia. Nani aliyekuwa akimwonyesha njia? Mama Kerubo mwenyewe. Alikuwa akikimbia mbele ya trekta amejifunga leso kiunoni, akionyesha kwa mikono miwili, lima hapa, pita hapa, hii iache ife, ile iokoe. Alichagua ngano yake ya kuzika kwa kasi kuliko ninavyochagua mimi mboga sokoni. Mzee akaenda akarudi, akaenda akarudi, na moto ulipofika kwenye udongo ule uliogeuzwa, ukakosa cha kula, ukalala. Watu husema dawa ya moto ni moto. Hao hawajalima ngano. Dawa ya moto ule ilikuwa udongo mtupu, udongo ule ule wa duara nililolidharau.

Nusu ya kipande ilikuwa imekwisha. Mama Kerubo aliketi kwenye majivu, hakulia. Watu wakaanza kuulizana ni nani. Njuguna alisimama, mikono yake imetoka malengelenge, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi kuupiga moto.

"Ni mimi," akasema. "Nilisikia filimbi, nikatupa nikakimbia."

Wakapandwa na hasira. Wengine walitaka apelekwe polisi saa ile ile, wengine walitaka kumalizana naye pale pale. Sheria ilikuwa upande wangu, mwanangu. Ilikuwa imepitishwa na kura, na mimi ndiye niliyeileta. Ningenyamaza ningetoka pale mshindi. Mzee Chepkwony akashuka kwenye trekta akaja akasimama mbele yangu.

"Kama huyu hangekuogopa wewe," akaniuliza, "hiyo sigara angeitupa wapi?"

Jibu nililijua. Angeizika mchangani, akarudi jukwaani akanitania kama kawaida yake. Aibu iliyonishika siku ile sijawahi kuipata tena. Nilikwenda nyumbani, nikafukuza kuku, nikamwaga maji, nikatia mkanda kipajini nikalibeba lile pipa mpaka shambani, nikaliweka mbele ya Mama Kerubo. Nikamwambia, "Huyu alitupa sigara. Mimi nilitupa pipa."

Mama Kerubo aliliangalia, akanusa, akaniangalia.

"Pipa haliliwi," akasema.

Na ni kweli haliliwi. Toba ni nzuri, lakini watoto watano hawashibi toba. Jioni ile kikundi kilikubaliana kila nyumba itoe gunia moja la ngano yake kwa mjane, nyumba yetu na nyumba ya kina Njuguna zitoe matatu matatu, na mimi na Njuguna tuyashone yote sisi wawili. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, hawezi kushika sindano. Basi yeye alishika mdomo wa gunia, mimi nikashona. Binti wa Mama Kerubo alichelewa muhula mmoja, akaenda. Duara likarudi kona yake, pipa likajazwa mchanga, na filimbi nikairudisha kwa wazee.

Mnacheka kwa sababu mnajua mwisho. Ndiyo, yule mshika magunia ndiye babu mliyemzika nami hapa. Tulipohamia Lanet lile pipa lilikuja nasi juu ya lori, likakaa kule nyuma ya nyumba, na kwa miaka arobaini hakuvuta sigara hata moja nje ya kivuli chake. Ndani hakuvuta. Mbele ya watoto hakuvuta. Aliacha mara nne, na mara nne akarudi. Niliwahi kumuuliza alianza lini. Akaniambia alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwenye kibanda karibu na shule yao alimuuzia moja moja, akimwita rafiki. Mara ya tano alipoacha hakurudi tena, lakini kifua kilikuwa kimeshaharibika. Mlimsikia akikohoa. Mimi nilimsikia usiku na mchana, na yule mwenye kibanda nisiyemjua nilimchukia kwa moyo wangu wote. Bado namchukia, Mungu anisamehe akipata nafasi.

Kwa hiyo msidhani naitetea sigara. Ningeweza ningeing'oa yote usiku mmoja. Wanjiru ananitazama na neno mdomoni, haya, nimeshalisikia mlangoni wakati mkiingia: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na watu wakazoea vikapu. Kweli kabisa, na nilishangilia. Lakini, mwanangu, mfuko haumwamshi mtu alfajiri mikono ikimtetemeka akiutafuta. Tumbo la mvuta sigara linadai. Na bangi je? Ilikatazwa kabla sijazaliwa, na kila mmoja wenu anajua ni mlango gani wa kubisha akiitaka. Mtu anayejificha hatibiwi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sheria yenu hii inamwambia mgonjwa ajifiche.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokuwa nikiwaleta. Karatasi yenu msiichane, igeuzeni upande wa pili muandike upya. Yule anayemuuzia mtoto sigara moja kando ya shule, huyo mwandikeni kwa herufi kubwa. Sheria ya kumkataza tunayo tayari, wa kuifuatilia ndio hawaonekani, basi muwaulize mbunge na chifu wako wapi, na mrudi kuuliza kila mwezi mpaka wachoke na nyinyi. Moshi nyumbani, kwenye steji za matatu na mahali pa kazi ukatazwe kwa vitendo, na mtu aonyeshwe duara lake aende huko. Na hospitali ya hapa iwe na mlango wa anayetaka kuacha, aingie bila kuulizwa maswali ya polisi. Nilimtafutia Njuguna mlango huo mara nne sikuupata. Hilo liandikeni kwanza. Mkimaliza leteni kalamu, na mara hii mkono hautakataa. Nitawapeleka mimi mwenyewe kwa kina mama wote wa kanisa, na goti hili bovu nitalivuta hivyo hivyo.

Bado neno moja, na hili ni la mtu mmoja. Jumapili ile nilipoinama kuandika, mmoja wenu alinishikia karatasi isipeperuke. Vidole viwili vya mkono wake, vya manjano ya moshi, nilivijua. Nimeviosha vidole vya rangi hiyo mpaka siku ya kuvifunga sanda. Simtaji, wala sitamwangalia sasa hivi. Filimbi niliirudisha zamani.

Pipa liko nyuma ya nyumba, na kando yake kuna kiti cha babu yenu. Njoo siku yoyote, hata sigara ikiwa mfukoni. Sitakupekua wala sitamwambia mama yako. Nitaketi karibu nawe nisuke vikapu vyangu, nikuulize ulianza lini na ungependa kuacha lini, na ukishindwa mara nne nitakungoja ya tano, ila fanya haraka kuliko yeye. Samaki mkunje angali mbichi, nawe ungali mbichi.

Mungu awape vifua visafi, nyote saba, mzeeke mpaka mchoke kupanda mlima huu wa kanisa. Awape sheria zenye meno kwa muuzaji na zenye mkono kwa mgonjwa. Mzae watoto ambao hakuna mwenye kibanda atakayewaita rafiki. Na wewe ninayekusema, nikija huko nyuma ukasikia hatua zangu, usikimbie.